Bandika Bandua ya Tairi la Mgeni

Anselm Mihambo,
Nyuma ya Stesheni,
Igalula, Uyui.
Alhamisi, msimu wa matuta.

Kwa Katibu,
Chama cha Waendesha Baiskeli wa Njia ya Misafara,
Tabora Mjini.

Ndugu Katibu Erasmus,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA TAIRI LA KUSHONWA NA KUBANDIKWA, PAMOJA NA OMBI LA KUJA KUMCHUKUA MWENDESHAJI WENU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magurudumu yako yote. Sisi huku tu wazima pia, ukiacha mambo nitakayoyaeleza, ambayo yameingia nyumbani kwangu kwa kupitia tundu dogo kuliko la sindano.

Nijitambulishe, maana kwenye simu juzi hukunisikia vizuri. Mimi ni katekista wa kigango cha hapa, mkulima wa karanga na mahindi, mgane, na mmiliki wa baiskeli nyeusi yenye keria ya chuma. Baiskeli hiyo imebeba magunia, wagonjwa, mabati, na mara moja mbuzi ambaye hakutaka kwenda. Naeleza haya ili usije ukadhani nina chuki na baiskeli. Baiskeli ni rafiki yangu. Ninachokilalamikia ni kile mlichoivalisha miguuni.

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa iliyopita mchana, mwendeshaji wenu Mathias Shilinde, kijana wa Puge, alikuwa akifanya mazoezi kwenye njia ya zamani ya misafara, ambayo kwa bahati mbaya inapita mbele ya mlango wangu. Hapo hapo akachomwa na mwiba wa mgunga, yaani tairi ndilo lililochomwa. Mimi nilikuwa kigangoni nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Binti yangu Advera alikuwa uani akianika muhogo. Niliporudi nilikuta baiskeli imepinduliwa miguu juu, Advera ameshikilia gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, na muhogo unaliwa na kuku.

Kwa kuwa huwa nawafundisha watu kwamba hata shetani asisingiziwe, nitaanza na faida za tairi hili. Ni jepesi. Ukilishika mkononi unadhani umeshika kapu ambalo mayai yake yote yamekwisha kununuliwa. Linakubali upepo mwingi bila kupasuka, na juu ya upepo huo bado ni laini; matuta madogo ya barabarani, yale yanayomtikisa mtu mpaka akasahau alikuwa anawaza nini, linayapita kama hayapo. Hilo nimelishuhudia kwa kiuno changu mwenyewe, na nitaeleza huko mbele ilikuwaje. Ni la mviringo kweli kweli, hivyo kwenye kona halisitisiti. Na kwa macho ni zuri. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nami nimesema. Sasa malalamiko.

1. Jina lake linapotosha umma. Fundi Fikiri, anayeziba pancha pale stesheni, alipouliza hili ni tairi gani, kijana alimjibu kwa heshima kwamba ni tyubula. Fikiri akasikia tyubulesi. Kuanzia hapo hakuna aliyemweza. Alitangaza mpaka kwa akina mama wanaongoja treni na mabeseni yao kwamba imefika baiskeli isiyo na tyubu, na watu wakaacha biashara wakaja kuona. Kumbe mambo ni kinyume. Tairi hili limeimeza tyubu, likajishona tumbo, halafu likabandikwa kwenye ringi kwa gundi. Fikiri akaja na beseni la maji na vijiko vyake viwili vya kufungulia. Havikuingia. Akaomba vya kwangu, vile vya wageni, vikapinda. Mtu huyu amefungua matairi ya baiskeli, ya mikokoteni na hata ya kiti cha wagonjwa cha zahanati, na hakuwahi kukutana na tairi linalokataa kijiko. Aliondoka bila kuaga, na hadi leo akipita kwangu anapiga kengele tu.

2. Linavuruga ibada. Tairi la kawaida likitoboka, tyubu inatolewa, inatumbukizwa majini, povu likionekana panakwanguliwa, panapakwa solusheni, kiraka kinawekwa, na chai yako bado ina moto. Hili linabanduliwa zima kama ngozi ya mbuzi, linafunuliwa kitambaa cha tumboni, linakatwa uzi, ndipo tyubu inachungulia, nyembamba kama utumbo wa kuku. Ukishaiziba unashona tena. Fikiri hashoni. Ikabidi Jumamosi lipelekwe kwa jirani yetu Mama Paskazia, ambaye wiki hiyo alikuwa anamalizia sare za kwaya. Mama Paskazia hajawahi kukataa kazi inayomshangaza. Akaweka sare pembeni, akalishona tairi kwa mkono, kwa uzi wa njano wa kwaya, akalipiga na pindo. Mshono ni mzuri, siwezi kusema uongo, hata mimi nisingeona haya kuuvaa. Lakini sindano ile ile iliyofunga tundu la kwanza ikafungua la pili, ikabidi afumue aanze upya. Matokeo yake Jumapili sauti ya kwanza walivaa sare, sauti ya pili walivaa nguo za nyumbani, na besi walisimama na mashati yenye mkono mmoja. Padri alipouliza kulikoni, niliona aibu kumjibu mbele ya altare kwamba ni pancha.

3. Lugha yake ni hatari kwa usalama wa jiko. Jumamosi jioni kijana alimwambia Advera kwamba kesho asubuhi na mapema atabandika, keshokutwa atabandika tena, na akishamaliza kubandika ataondoka. Kwa lugha ya gundi alikuwa sahihi. Lakini huku kwetu, Ndugu Katibu, mtu akisema asubuhi nabandika, tunaelewa anabandika sufuria. Advera amelelewa vizuri. Mama yake, Mungu amrehemu, hakuwahi kumwacha mgeni ashike mwiko. Binti akaona aibu imemfika, mgeni hashibi na sasa anataka kujipikia. Jumapili akaamka mapema kuliko jogoo, akabandika uji, akabandika viazi, akaweka tayari na maharage ya mchana. Kijana akatoka na kopo lake na brashi, akaomba nafasi jikoni kwa sababu nje kulikuwa na upepo wa vumbi. Akasema anataka kubandika. Binti akasema keshabandika. Kijana akasema hapana, hiyo ni kazi yake, yeye asihangaike. Binti akasema haiwezekani, labda kama hapo nyumbani hakuna mwanamke. Walibishana hivyo kwa adabu kubwa, kila mmoja na chake kichwani, mpaka Advera alipolifunua kopo anuse ni mboga gani.

Kilichofuata ni kicheko. Nilikisikia nikiwa chumbani najiandaa kwa ibada. Kilikuwa kirefu, cha watu wawili, karibu na moto, na gundi yenyewe imechorwa alama ya moto ubavuni mwa kopo kuwaonya watu. Sitaficha kitu: tangu tulipomzika mama yake sikuwa nimemsikia binti yangu akicheka namna ile. Nilisimama pale na kiatu kimoja mguuni. Lakini hatari ya moto ni hatari ya moto, kwa hiyo naiandika hapa kama lalamiko. Tangu siku hiyo nyumba yangu ni bandika bandua. Sufuria likiipuliwa, tairi linapakwa; tairi likianikwa, sufuria linarudi motoni; na mimi mwenye nyumba nikiuliza nini kinabandikwa sasa, wanatazamana.

4. Gundi yake imekula njama na methali. Nimesomewa maelekezo ya kopo na nimeyahakiki. Unapaka ringi, unapaka tairi, unaacha mpaka kesho. Unapaka tena, unaacha tena. Unavalisha, unajaza upepo, unaacha tena, ndipo upande. Wewe ni mtu mzima na methali unaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi piga hesabu mwenyewe uone kama kuna njia yoyote ambayo mtu aliyepata pancha ya tairi hili anaweza kuondoka kwenye nyumba ya watu akiwa bado mgeni. Mimi naamini aliyeitengeneza gundi hii alikuwa na mabinti nyumbani.

Siku ya tatu iliangukia Jumapili nikaahirisha. Jumatatu nikampa jembe. Nilichagua lile zito lenye mpini uliopinda, kwa nia njema ya kumkimbiza. Jembe hilo lina sifa zake. Mpwa wangu wa Dar es Salaam alipoliona mara moja tu alikumbuka kwamba ana mtihani. Mathias alilipokea kwa mikono miwili akashukuru. Akaenda kuinua matuta, kichwa chini, mgongo umeinama, kama mtu anayepandisha mlima na baiskeli, na kabla jua halijawa kali alikuwa amenipita, nami ndiye niliyetangulia kuanza. Matuta yake yamenyooka, jambo ambalo mimi naliona ni kiburi. Advera akaleta maji. Huniletea mimi pia, sikatai, ila yangu huja kwenye kikombe cha plastiki. Haya yalikuja kwenye bilauri, na bilauri ilifunikwa kitambaa. Wapita njia wakaanza kumwita mkwe wa Mihambo, na yeye akawaitikia kwa salamu yetu ya mwangaluka bila kuwasahihisha. Hapa Igalula kijana akionekana analima shamba la mzee mwenye binti, watu hawaulizi kwa nini, wanauliza lini.

Nikukumbushe pia kwamba njia hii si ya jana. Babu zetu waliipita na meno ya ndovu mabegani kwenda pwani, kwa miguu yao wenyewe. Mpagazi aliyechomwa mwiba alikaa chini, akautoa, akautukana kidogo, akaendelea. Hakuna aliyebandua unyayo wote, akaupeleka kwa mshonaji, akauanika siku kadhaa kwenye ua wa watu wakati binti wa nyumba anamletea maji kwenye bilauri. Kama wangefanya hivyo, msafara mzima ungeishia hapa Igalula na pwani wasingetuona.

5. Faida yake kubwa kuliko zote imegeuka kuwa ushahidi. Jumanne nilikupigia simu, nawe kwa fahari ukanieleza jambo ambalo sikulijua. Ulisema tairi hili, kwa kuwa limebandikwa, hata likiisha upepo halichomoki kwenye ringi, na mwendeshaji anaweza kuendelea polepole, limelala hivyo hivyo, mpaka nyumbani. Ukasema ndiyo maana waendeshaji wa mbio wamelipenda. Nikakushukuru, nikakata simu, nikakaa chini. Kama angeweza kwenda na pancha yake mpaka Tabora, kwangu alisimama kufanya nini?

Nikaanza uchunguzi. Mama Paskazia, ambaye dirisha lake linaitazama njia, alinieleza bila kulazimishwa kwamba kijana huyu hupita hapa kila Ijumaa, na akikaribia kwangu hupunguza mwendo kama treni inayoingia stesheni. Tena zipo njia mbili. Ipo ya changarawe kando ya reli, imenyooka, na ipo hii yangu ya mchanga, ambayo hata ng'ombe wanaipita wakinung'unika. Mtu wa mbio anachaguaje mchanga? Nilimwuliza kijana kwa upole. Aliinamisha kichwa, akasema, baba, gurudumu lilikuwa linavuta upande huu. Tazama basi. Kama angekuwa na tairi la kawaida angekuwa na kisingizio kizuri cha kusimama, nami ningemwamini mpaka kufa. Hili lenu limemwumbua mwenyewe, na limeniumbua na mimi, kwa sababu sasa najua, na mtu akishajua hawezi kujifanya hajui.

6. Linaharibu mawasiliano ya nyumba. Jumanne hiyo hiyo, akiwa anangoja gundi ishike, kijana aliigeukia baiskeli yangu bila kibali akaitia mafuta. Baiskeli yangu ilikuwa inalia, na kilio chake kilikuwa na kazi. Nikiwa bado kwenye kona ya kigango, nyumbani walishasikia. Maji ya kuoga yakatengwa, mbwa akatoka kunipokea, kila mtu akajua afanye nini. Sasa inakwenda kimya. Jana mchana nilifika mpaka katikati ya ua bila mtu kujua, nikawakuta wameketi kwenye mikeka miwili, nakiri ni miwili, wanachambua mbegu za karanga. Mbwa wangu, ambaye alishamng'ata hata mweka hazina wa parokia, alikuwa amelalia gurudumu lenu. Hakuna aliyeshtuka. Laiti wangeshtuka ningejua la kusema. Waliniamkia shikamoo kwa pamoja, nikajikuta nimeitika marahaba kama mtu mwenye furaha.

7. Ni dhaifu. Jana jioni gundi ilikuwa imekauka na tairi limeshika. Kwa ajili ya uchunguzi wa malalamiko haya, na si kwa sababu nyingine yoyote, niliomba kulijaribu. Nilikwenda mpaka stesheni na kurudi, kisha nikaenda tena kwa sababu mara ya kwanza sikuzingatia vizuri. Akina mama wa mabeseni walinishangilia, jambo ambalo halikuwa sehemu ya uchunguzi. Nikalirudisha zima. Leo asubuhi tumelikuta limelala chini, halina upepo hata wa kupulizia kaa la moto. Halikuwa limeendeshwa popote, lilikuwa limeegemezwa ukutani. Hilo ni tundu la tatu tangu Ijumaa. La kwanza ni la mwiba, la pili ni la sindano ya Mama Paskazia, na la tatu natoa taarifa tu. Tairi linalotoboka likiwa limesimama ni tairi la namna gani? Nawaachia wataalamu.

Ndugu Katibu, sasa niseme lililo chini ya yote haya. Kaka zake Advera wako Mwanza na Dar es Salaam, na wana maisha yao. Mama yake alitutoka mwaka juzi. Ndani ya nyumba hii tumebaki wawili, na tumezoeana: yeye anajua kipimo cha chumvi yangu, mimi najua ukimya wake, na nikijua yuko kwenye ukimya ule sisemi kitu, natengeneza mpini wa jembe ambao haujavunjika. Kijana huyu akiondoka peke yake, ukimya utarudi kwake. Akiondoka naye, utahamia kwangu. Naogopa. Nimeliandika neno hilo kwa wino na silifuti. Lingekuwa ni tairi la kawaida nisingefika hapa. Tairi la kawaida linazibwa wakati maji ya chai yanachemka, kijana anakunywa, anashukuru, anaondoka, na watu wanabaki walivyokuwa.

Baada ya kupima faida na hasara hizo, na mzani ukiwa umelala upande mmoja bila ubishi, naomba chama kifanye yafuatayo:

(a) Kupiga marufuku tairi la kushonwa kupita Igalula, kuanzia daraja la kwanza hadi mwisho wa mashamba ya karanga. Kwingine mtajua wenyewe.

(b) Waendeshaji wote wapewe tairi lenye tyubu ya kutoka na kuingia, ambalo Fikiri analiweza, ili heshima yake irudi stesheni na aache kunipigia kengele.

(c) Chama kitume gari kabla ya Jumapili lije kumchukua kijana, baiskeli yake, kopo lake na brashi yake. Mkichelewa kuna kupanda, na akishapanda atataka kuona zikiota, na zikiota kuna palizi. Mimi mkulima najua mambo haya yanavyokwenda. Hakuna siku shamba lilimwambia mtu sasa basi, nenda kwenu.

Nasubiri hatua zenu za haraka. Nisalimie mama watoto na wanachama wote. Nisalimie pia mzee wa Puge aliyemlea kijana huyu, maana kamlea vizuri mno, na hilo nalo ningeweza kulilalamikia ila nimekosa namba. Mwenye duka anayewauzia gundi mpe nusu salamu. Fundi Fikiri ndiye anayeleta barua hii mjini. Mpe maji ya kunywa na usimtajie vijiko.

Wako katika masikitiko na utulivu,

Anselm Mihambo,
Katekista.

Tanbihi: Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa, nikaifungua. Lalamiko namba saba lifute. Jana jioni, niliporudisha baiskeli, kijana alifunga mfuko wake. Akanishukuru kwa chakula, kwa malazi na hata kwa jembe, akasema leo asubuhi ataondoka. Hakumwomba mtu chochote, na nadhani ni kwa sababu ya heshima, maana macho yake yalikuwa yanaomba. Advera alikuwa anaosha sufuria. Alilisugua lile lile mpaka giza likaingia.

Leo alfajiri nikatoka kwenda kuwafungulia kuku, nikaliinamia tairi kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Nilianza na sindano ya magunia. Ikavunjika. Ndipo nikachukua mwiba wa mgunga, nao ulinichosha. Kwa hiyo ile habari ya udhaifu si kweli. Tairi lenu ni imara kuliko mimi, na mkilikosoa popote msinitaje kama shahidi.

Gari msitume. Njoo wewe mwenyewe, Jumapili baada ya misa, umevaa koti, pamoja na mzee mmoja wa Puge anayejua kuzungumza. Kijana hana mshenga na mimi siwezi kumtafutia, ingekuwa kituko. Mkifika nitawakatalia kwanza. Msikate tamaa, nitakataa kidogo tu, kisha nitauliza kama mmekula. Najua kuna siku tairi litashika na hataondoka peke yake, na siku hiyo mimi ndiye nitakayemjazia upepo. Ninachoomba ni muda tu, mpaka karanga ziote.

Hadi hapo, kijana akikupigia simu kuulizia gundi, mwambie imekwisha Tabora nzima.